Muulize Mwalimu: Haiwaki, kwa hiyo plagi imekufa?

Toleo lililopita niliropoka mstari mmoja tu, kwamba neno "kama" limevunja urafiki mwingi kuliko hela, na simu yangu haijapumzika tangu siku ile. Nimechagua barua tano na kajibarua kamoja ka mwisho, zote za mantiki, yaani hesabu za "kama", "na", "au" na "si". Nimezifupisha maana wengine mnaandika kama vile mnalipwa kwa neno. Kwa wageni wa ukurasa huu, mimi ni mwalimu wa hesabu mstaafu, niko Moshi, nikikosea mnirekebishe ila kwa heshima kidogo.

Shikamoo mwalimu. Mimi ni boda, kijiwe changu kipo Sakina hapa Arusha. Pikipiki yangu asubuhi inagoma kuwaka. Fundi wangu kanibadilishia plagi mara tatu ndani ya mwezi mmoja, kila nikienda anasema "plagi ikifa pikipiki haiwaki, yako haiwaki, kwa hiyo plagi imekufa". Maneno yake yanaingia akilini kabisa, nashindwa hata pa kumpingia, ila hela inaisha na pikipiki ni ile ile. Naibiwa au ndo kawaida? (Boda wa Sakina)

Marahaba chalii yangu. Kama unaibiwa mimi sijui, inawezekana kabisa fundi mwenyewe anaamini anachokisema, na hiyo ni mbaya zaidi maana mwizi akishtukiwa anaacha, anayeamini anaendelea.

Hebu yarudie maneno yake polepole. "Plagi ikifa, pikipiki haiwaki", hiyo ni kweli, hatubishani. "Yako haiwaki", kweli pia, wewe ndo unaipiga kiki mpaka goti linauma. Shida iko kwenye ile "kwa hiyo". Sentensi ya kwanza imekupa ruhusa ya kutoka kwenye plagi kwenda kwenye kutokuwaka, haijakupa ruhusa ya kurudi. Pikipiki inagoma pia mafuta yakikata, maji yakiingia kwenye tangi, kabureta ikiziba, koili ikifa, au mwenye nayo akiwa amesahau ile swichi nyekundu ya kuzimia pale kwenye usukani (usicheke, mimi nilishasukuma pikipiki kutoka Kiboriloni mpaka karibu na mjini kwa ajili ya hiyo swichi). Zote hizo zinaishia pale pale, "haiwaki".

Ukitaka kumuonyesha fundi bila ugomvi, chukua maneno yake ubadilishe vitu ndani halafu uache umbo lile lile. Mwambie "mtu akiwa juu ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, yuko Tanzania, mimi niko Tanzania, kwa hiyo niko juu ya Kibo", huku umekaa Sakina unakula chipsi mayai. Sentensi mbili za mwanzo ni kweli, ya mwisho ni uongo mtupu. Na hiyo ndo maana yenyewe ya hoja kuwa halali kwenye mantiki, kwamba hakuna namna yoyote misingi yote (zile sentensi za mwanzo) ikawa kweli halafu hitimisho (ile ya mwisho) likawa uongo. Ukipata mfano mmoja tu wa kuonyesha inawezekana, umbo lote la hoja limeanguka, haijalishi limepambwa vipi.

Sasa njia nzuri ni kwenda kinyumenyume kwa kukanusha. Plagi ikifa kabisa, haitoi cheche. Fungua plagi, irudishe kwenye kofia yake ya waya, gusisha chuma cha plagi kwenye chuma cha injini, kaa mbali na petroli, halafu mtu apige kiki wewe ukiangalia pale nchani, ukifanya kwenye kivuli unaona vizuri zaidi. Kikiruka kicheche cha bluu, basi plagi haijafa. Hiyo ni halali: plagi ikifa hakuna cheche, cheche ipo, kwa hiyo haijafa. Mafundi wazoefu najua mtaniambia kuna plagi zenye cheche ya kinafiki, nje inawaka ikirudi ndani ya silinda kwenye presha inakata. Ni kweli, ila angalieni mlichokigusa, hapo mmekosoa msingi wa kwanza, umbo la hoja mmeliacha zima. Hivyo ni vitu viwili tofauti na barua ya tatu hapa chini inahusu hicho hicho.

Kuna Mgiriki mmoja anaitwa Chrysippus, wa karne ya 3 kabla ya Kristo, aliyechambua hizi "kama" na "au" na "si" kabla ya wengi. Anasifika kwa habari ya mbwa. Mbwa anafukuza windo, anafika mahali njia inagawanyika mara tatu, ananusa ya kwanza hamna kitu, ananusa ya pili hamna kitu, ya tatu hanusi kabisa, anachomoka nayo. Ama hii, ama hii, ama ile, hii sio, hii sio, basi ni ile. Fundi mzuri ni kama yule mbwa, anatoa kimoja kimoja. Ila mbwa anashinda kama njia ni tatu kweli, pakiwa na kichochoro cha nne kwenye migomba ndo ameshapotea hivyo.

Na usimcheke fundi sana maana hata hospitali tumefanya hivyo miaka. Ukiwa na malaria unapata homa, una homa, kwa hiyo una malaria, lete dawa. Mwaka 2004 ulichapishwa utafiti uliofanyika kwenye hospitali 10 za huku kaskazini mashariki mwa Tanzania, wagonjwa waliolazwa na kutibiwa kama wana malaria kali, chini ya nusu ndo waliokutwa na vimelea kwenye damu. Waliobaki walikuwa na kitu kingine wakati wote wanapigwa dawa ya malaria. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo kwamba anayehisiwa malaria apimwe kwanza. Kudhani kutokana na dalili sio dhambi, daktari na fundi wote wanaanzia hapo, ila dhana haijawa jibu mpaka ipimwe. Plagi ya kwanza ilikuwa dhana, sawa. Ya tatu sijui tuiite nini.

Mwalimu mambo. Niko form five PCM, shule moja hapa Moshi. Kwenye topiki ya mantiki kuna jedwali la mshale wa "kama P basi Q", P na Q zikiwa kauli zozote. Eti P ikiwa uongo, mshale ni kweli, Q iwe kweli iwe uongo. Inakuwaje uongo uzae kweli? Yaani "kama Moshi iko Mwanza basi mimi ni rais" ni kauli ya kweli? Tukauliza tukaambiwa tukariri itatoka kwenye mtihani. (Denti mbishi)

Poa dogo. Kariri basi, ila ukishakariri panda na mimi daladala.

Tuseme kuna sheria moja tu: kama abiria kavaa sare ya shule, basi analipa nauli ya denti. Wewe ndo mkaguzi, unataka kujua konda kavunja sheria au hajavunja. Siti ya kwanza kuna mwenye sare kalipa nauli ya denti, safi. Siti ya pili kuna mwenye sare kalipishwa nauli ya mtu mzima, hapo konda kavunja. Siti ya tatu kuna mama hana sare kalipa nauli kamili, ya kawaida kabisa, sheria haijaguswa. Siti ya nne kuna bibi katoka Mbuyuni sokoni na kikapu chake, hana sare, konda kamuonea huruma kachukua nauli ya denti. Je, konda kavunja sheria yetu? Hajavunja, sheria haikusema chochote kuhusu wasiovaa sare. Andika sasa: kweli, uongo, kweli, kweli. Hilo ndo jedwali lako, umelitoa kwenye daladala bila kukariri.

Kwa hiyo ile safu ya "kweli" usiisome kama Q imethibitika, wala kama P imezaa kitu. Isome "ahadi haijavunjwa". Moshi haiko Mwanza, kwa hiyo aliyesema kama iko huko wewe ni rais hajawahi kupata nafasi ya kuvunja ahadi yake. Ni kauli ya kijinga ila haijavunjwa. Sisi kwenye maongezi tunataka "kama" iwe na sababu ndani yake, kimoja kisababishe kingine, mshale wa mantiki umevuliwa hayo yote, unaangalia kweli na uongo tu basi. Ukiuona mwembamba uko sahihi, ni mwembamba kweli, mimi mwenyewe nilifundisha miaka mingi kabla sijakubaliana nao.

Bado unabisha? Haya, jaribu kuujaza wewe. Mistari miwili ya juu hatubishani, kweli kisha uongo. Ya chini ukijaza uongo na uongo, umepata jedwali la "na", ambalo tayari tunalo. Ukijaza uongo kwenye ule ambao P ni uongo na Q ni kweli, halafu kweli kwenye ule ambao zote ni uongo, umepata "kama na kama tu", mshale wenye ncha mbili, nao tayari upo. Ukigeuza, kweli pale Q ni kweli na uongo pale zote ni uongo, safu yako imefanana na Q yenyewe neno kwa neno, maana yake P ilikuwa inapoteza muda wetu. Imebaki njia moja, kweli na kweli. Unamuona mbwa amerudi?

Sasa rudi kwenye daladala nikuulize kitu. Abiria wanne wengine: mmoja unamuona ana sare ila hujui kalipa ngapi, mmoja hana sare na hujui kalipa ngapi, wa tatu umeona tiketi yake ni ya denti ila kajifunika kitenge huoni kavaa nini, wa nne tiketi yake ni nauli kamili naye kajifunika kitenge. Ukitaka kujua kama sheria imevunjwa, unawasumbua wangapi, na akina nani? Fikiri kabla hujasoma mbele.

Ni wawili, mwenye sare na mwenye tiketi ya nauli kamili. Huyo wa tiketi ya denti hana kesi hata akiwa bibi. Mwanasaikolojia wa Uingereza Peter Wason alitoa fumbo la namna hii mwaka 1966 kwa kadi zenye herufi upande mmoja na namba upande mwingine, na watu wengi mno walikosa, wasomi wakiwemo, walikuwa wanafunua ile kadi ambayo haiwezi kuvunja chochote. Mwaka 1982 Griggs na Cox kule Marekani wakabadilisha kadi wakaweka sheria ya umri wa kunywa bia, ghafla wengi wakapata. Mantiki ni ile ile, ila mtu akishajua kuna mtu anaweza kudanganya macho yanamfunguka. Ndo maana nakupandisha daladala.

Ya mtihani haraka haraka: "kama P basi Q" ina jedwali sawa na "si P, au Q", na sawa na "kama si Q basi si P". Haina jedwali sawa na "kama Q basi P", hapo ndo mnapoangukia kila mwaka. Kauli mbili mistari minne, tatu minane, kila ukiongeza moja mistari inazidi mara mbili, kumi ni 1,024, kwa hiyo usianze kuchora kabla hujahesabu karatasi. Na haya majedwali sio ya kale kama unavyodhani, mwaka 1921 ndo Ludwig Wittgenstein na Emil Post, kila mtu na lake, walipoyachapisha kama njia ya kupima kauli.

Habari mwalimu. Napandisha wageni mlima Kilimanjaro. Mgeni mmoja tukiwa kambini katuambia "mlima ukionekana wote vizuri kutoka Amboseli (hifadhi ya Kenya), basi uko Kenya, na unaonekana wote vizuri kutoka Amboseli, kwa hiyo uko Kenya". Tukacheka. Sasa kuna mgumu (mbeba mizigo) mmoja kati yetu, kasoma huyo, akasema eti hoja ya mgeni ni halali. Aisee nusura abebeshwe mizigo ya watu wote. Tuamulie. (Wa Machame)

Mpunguzieni mzigo, yuko sahihi. Hoja ni halali. Na mlima uko Tanzania, wote, kuanzia huko migombani kwenu mpaka mita 5,895.

Halali haimaanishi kweli. Inamaanisha kwamba kama ukimkubalia misingi yake yote miwili huna pa kutokea, utameza hitimisho utake usitake. Umbo lake ni lile safi kabisa, kama P basi Q, P ipo, basi Q, Kilatini wanaliita modusi ponensi. Mgeni hajakosea kupiga hesabu, kakosea bei za kuanzia. Huo msingi wa kwanza ndo umeoza, tangu lini kitu kinakuwa cha yule anayekiona vizuri? Mimi mwezi nauona vizuri sana kutoka Majengo na sijawahi kuulipia kodi ya kiwanja. Kwa hiyo mkijibizana na mtu hakikisheni kwanza mnapiga wapi. Kama umbo ni bovu piga umbo, kama yule fundi wa Sakina. Kama umbo ni zima msipoteze nguvu hapo, nendeni kwenye msingi mmojammoja muulize "hii nani kakwambia". Hoja yenye umbo halali na misingi ya kweli yote, hiyo ndo mimi naiita imara, na hizo sio nyingi, mlimani wala bungeni.

Na kwenye barua yako ndefu uliyonitumia kuna kisa kingine umekitaja kama utani, mimi nimekiona cha maana zaidi. Dereva wa ofisini kwenu aliambiwa "mgeni akilala kwenye vibanda basi atatokea geti la Marangu", akaona kwenye karatasi mgeni wake analala hema, akaamua hatokei Marangu, akaenda kusubiri Mweka. Mgeni akakaa Marangu getini mpaka jioni na mifuko yake. Sheria aliyopewa ni ya kweli, vibanda viko njia ya Marangu. Ila yeye kakanusha upande wa "kama" akadhani kakanusha na upande wa "basi". Wanaoanzia Rongai, upande wa kaskazini karibu na mpaka wa Kenya, wanalala hema safari nzima na kuteremkia Horombo mpaka geti la Marangu. Hema kote, Marangu vilevile. Sheria ya vibanda ilikuwa haina neno lolote kuhusu mtu wa hema, dereva kajijazia mwenyewe.

Mwalimu mimi ni katibu wa kikundi cha vikoba, kinamama, Tengeru. Katiba yetu inasema "Mwanachama hatapewa mkopo mpaka awe na hisa 20 na wadhamini 2." Mama mmoja ana hisa 25 na wadhamini wake wamesimama, kikao kikamnyima kwa sababu sanduku halikuwa na hela ya kutosha na ana rejesho la nyuma. Kasema tumevunja katiba na anakwenda kwa mtendaji. Mwingine tulimwambia "hujatimiza hisa 20 na wadhamini 2" akalia kwamba tunamsingizia hana hisa wakati anazo. Tumechoka. (Katibu)

Pole sana mama. Katiba yenu imeandikwa Kiswahili kizuri tu, tatizo watu wawili wameisoma kila mmoja akiwa na shida yake mkononi.

Tuanze na wa kwanza. "Hapewi mpaka awe na" ni mlango wenye kufuli, sio ahadi. Inasema bila hisa na wadhamini hakuna mkopo. Ukiigeuza kuwa mshale inakuwa hivi: kama kapewa mkopo, basi ana hisa 20 na wadhamini 2. Angalia mshale umeelekea wapi, kutoka kwenye mkopo kwenda kwenye hisa. Yeye anausoma kutoka kwenye hisa kwenda kwenye mkopo, "nikiwa navyo, napewa", na hicho hakijaandikwa popote. Nyanya iliyokosa maji haizai, hilo hata watu wa Tengeru mnaolima mnalijua kuliko mimi, lakini kumwagilia peke yake hakujawahi kumhakikishia mtu nyanya. Hisa na wadhamini ni lazima ziwepo, hazijasemwa kwamba zinatosha. Kwa hiyo hamjavunja katiba.

Sijasema mmemtendea haki, hapo mantiki inanyamaza na kikao ndo kinaongea. Kama kila siku mwenye hisa na wadhamini mlikuwa mnampa bila maswali, basi mmemzoesha kusoma mshale pande zote mbili, na lawama kidogo chukueni. Mimi ningeandika upya hivi: "Mwanachama mwenye hisa 20 na wadhamini 2, asiyedaiwa rejesho, atapewa mkopo iwapo sanduku lina fedha, akikosa hata kimoja katika hivyo, hatapewa." Ni ndefu na haipendezi kuisoma kwa sauti ila imefunga pande zote.

Huyo wa pili ndo ameniuma. Mlimwambia "hujatimiza hisa 20 na wadhamini 2", akasikia "huna hisa, na huna wadhamini". Ukikanusha "hiki na hiki" unachopata ni "kimojawapo hakipo, hiki au hiki", labda vyote viwili, labda kimoja tu. Na ukikanusha "hiki au hiki" ndo unapata vyote viwili havipo. Unaona, "na" ikikanushwa inageuka "au", "au" ikikanushwa inageuka "na". Kanuni hizi zinaitwa kwa jina la Augustus De Morgan, Mwingereza aliyezaliwa India mwaka 1806. Huyo mama alikosa mdhamini mmoja tu, hisa zake zilikuwa kamili, na nyie mkamrushia sentensi nzima kichwani. Kwa kinywa cha mtu Kiswahili chetu "hujatimiza hiki na hiki" kinasikika kama tusi mara mbili. Mngemwambia "hisa zako zimetimia, bado mdhamini mmoja" asingelia. Kamwambieni sasa.

Umeuliza pia kuhusu faini, "atakayechelewa au kuja bila sare atalipa faini", mtu kachelewa na hana sare, je anaponea kwa sababu imeandikwa "au"? Haponi. "Au" ya mantiki inakubali kimoja au vyote viwili. Analipa. Analipa moja au mbili? Katiba haijasema, msiniingize kwenye hilo, mimi mke wangu ana kikoba.

Mwalimu mimi najifunza ufundi umeme, nipo Pasua. Naona mnabishana "na" na "au" tu. Kwani hii mantiki inaingiza shilingi ngapi? (Dogo wa nyaya)

Wewe ndo unaila kila siku hujui tu. Weka swichi mbili kwa mfululizo, taa inawaka zote mbili zikiwa zimewashwa, hiyo ni "na". Ziweke sambamba, inawaka moja ikiwashwa au zote, hiyo ni "au", ile ile ya faini ya Tengeru. Halafu kuna swichi za tuwei za kwenye ngazi, moja chini moja juu, ukibonyeza yoyote hali inageuka. Hizo sio "na" wala "au" ya kawaida, ni "ama hii ama ile, sio zote mbili". Ichoree jedwali leo leo: zote chini taa imezima, moja juu imewaka, zote juu imezima tena. Wateja wanaolalamika "ngazi yangu ukiwasha juu lazima na chini iwe imewashwa", fundi wao kawawekea "na" mahali pa "ama", nenda kachukue hiyo kazi.

Aliyefanya "na" na "au" ziwe hesabu kabisa za kupiga kwa herufi ni George Boole, Mwingereza aliyejisomea mwenyewe, hakupita chuo kikuu, vitabu vyake vya mantiki vilitoka 1847 na 1854. Alikuja kuwa profesa kule Cork, Ayalandi. Mwaka 1864 alitembea kwenye mvua kwenda kufundisha, akafundisha na nguo zimelowa, akaugua mapafu, akafariki akiwa na miaka 49. Huwa namkumbuka masika nikiona walimu wanavyokatiza matope kwenda vipindi. Kisha mwaka 1937 kijana wa miaka 21 pale chuo cha MIT Marekani, Claude Shannon, akaandika tasnifu kuonyesha kwamba mitambo ya rilei (swichi zinazoendeshwa na umeme) na swichi inaweza kupangwa kwa hesabu za Boole. Simu uliyoandikia barua hii imejaa hizo "na", "au" na "si", ndogo kiasi kwamba huzioni. Shilingi ngapi sijui, ila waulize wanaouza simu.

Mwalimu, hii ni mara ya nne nakuandikia. Kama hujanijibu, basi unanidharau. (Wa Njiro)

Nimekujibu. Isome tena sentensi yako, halafu angalia vizuri kama sasa hivi inakwambia nakudharau au sikudharau.